Mtoto aliyezaliwa kabla mama yake hajafika kituoni

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi mkunga, nipo kituo cha afya huku mkoani, wilaya siitaji maana mji wenyewe mdogo kila mtu anamjua mwenzake, na nina miaka 14 kazini sasa. Kilichonifanya nishike simu niandike ni mtoto mmoja wa kike, kilo 3.1, mzima kabisa, ambaye kwa mujibu wa kompyuta ya serikali alizaliwa masaa 14 kabla mama yake hajafika kituoni kwetu.

Ilikuwa hivi. Mama kapokelewa saa 11 jioni, uchungu umeshakolea, njia imeshafunguka sentimita 6, tukamlaza. Saa 3 usiku kajifungua salama, kondo likatoka lote, damu kidogo tu, tukamshukuru Mungu tukaendelea na wengine maana usiku ule walikuwa watatu. Asubuhi mtakwimu wa halmashauri ananipigia anacheka, "Sista, huko kwenu watoto wanatangulia, mama zao wanafuata nyuma?" Nikadhani utani wa asubuhi kumbe anaangalia ripoti. Binti aliyekuwa zamu, mzuri sana wa kazi, mikono yake kwenye kuzalisha mi mwenyewe naiamini, alifika kwenye kile kisanduku cha muda wa kujifungua kwenye tableti yenye mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa akaandika 3:00. Sasa wewe Mhariri na mimi tunajua saa 3 usiku ni saa ngapi, mtoto wa darasa la pili anajua, ila tableti inajua 3:00 ni ile sisi tunayoiita saa 9 usiku, watu wamelala fofofo. Muda wa kupokelewa mfumo uliuweka wenyewe, 17:00, sawasawa. Muda wa kuzaliwa ukaingia 03:00 ya tarehe hiyohiyo. Haukulalamika wala kuuliza, ukaupokea hivyohivyo.

Mtu atasema si kosa dogo tu hilo, rekebisheni muendelee. Ngoja. Mama akijifungua anatakiwa akae chini ya uangalizi wetu angalau masaa 24, kwa sababu damu ya uzazi inayoua mara nyingi inatoka ndani ya muda huo. Ukihesabu kwa saa ya tableti, masaa 24 ya huyu mama yalikuwa yanaisha saa 9 usiku uleule, yaani masaa 6 tu baada ya kujifungua kwake kwa kweli. Bahati yetu tulikuwa tunamwona kwa macho na kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya karatasi ya akina mama wanaojifungua, kipo pale mezani kimeandikwa kwa kalamu "3:00 usiku", hilo neno usiku ndo limetuokoa. Kalamu inakuruhusu kuandika usiku, kale kasanduku hakaruhusu.

Nilienda nyumbani siku hiyo nawaza, hivi mafunzo ya mfumo yaliyofanyika kwa siku 3 hotelini, slaidi zaidi ya mia na kitu, hakuna hata slaidi moja iliyosema wapendwa sisi Waswahili saa zetu zimepishana na za kompyuta kwa masaa 6, tuwe makini? Nikamuuliza mfawidhi wetu, yaani mkuu wa kituo, aliyeenda. Akasema hapana, walifundishwa faida za mfumo, malengo ya mfumo, historia ya mfumo, halafu ilipofika mazoezi kwa vitendo laptopu moja watu sita, na intaneti ya hoteli ikakata.

Sitaki kuonekana nawasema wenzangu kwa hiyo nitasema la kwangu kwanza, na mimi semina nazipenda. Posho ya semina ya mwaka fulani ndo iliyonunua bati za jiko langu, sitadanganya mbele za watu. Ila tuambizane ukweli, semina za namna hii zinafundisha mtu asiyetumia kitu ili aje amfundishe anayekitumia. Kutoka kwetu walienda mfawidhi na yule wa takwimu, hakuna hata mmoja kati yao anayekaa chumba cha kujifungulia saa 8 usiku. Wakarudi wakatupa mrejesho, tumesimama, dakika 40 wakati wa ripoti ya asubuhi, wengine wametoka zamu ya usiku macho mekundu wanasubiri waseme amina waondoke. Mafunzo yenyewe ya kutumia mfumo kwa sisi watu 11 wa wodi na kliniki yakaishia hapo.

Kilichofuata ni aibu lakini naisema. Paswedi moja ya mtu mmoja ikaandikwa kwenye karatasi ikabandikwa kwa plasta ya dawa ukutani, juu ya friji ya chanjo, kila mtu akawa anaingia kwa hiyo. Miezi minne dawa zote, rufaa zote, vizazi vyote vya kituo kwenye mfumo vimefanywa na mtu mmoja, hodari kweli, hasinzii, na kwa miezi karibu mitatu ya hiyo minne alikuwa yupo kwao likizo ya uzazi ananyonyesha. Siku dawa ikikosewa nani ataulizwa? Yeye. Wala hatukufanya kwa ubaya, ni kwamba hakuna aliyetuambia jina lako kwenye mfumo ni sawa na sahihi yako, ukimpa mtu paswedi umempa saini yako na leseni yako ya baraza la wauguzi. Kitu cha dakika mbili hicho kukieleza.

Sasa Mhariri nije kwenye hoja yangu, na sikuitoa ulaya, ipo hapahapa Tanzania, hospitali ya Haydom kule Mbulu mkoa wa Manyara. Wale walitoa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua, yale ya mdoli na mfuko wa kupulizia hewa, wengi wetu wakunga tumeyapitia. Wakawapima watu. Kwa mdoli wakawa wamepanda kweli, wanafanya vizuri kuliko kabla. Wakawafuata wodini wakaangalia kwa watoto wenyewe, wakakuta hakuna kilichobadilika! Matokeo hayo wakayachapisha 2013 bila kuyaficha, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko ripoti zote za "washiriki walifurahia mafunzo" nilizowahi kusaini. Halafu hawakurudi hotelini. Wakamweka mdoli palepale wodini, mazoezi ya dakika 3 mpaka 5 kila wiki, na wanaosimamia ni wafanyakazi wa hapohapo. Kwenye takwimu walizochapisha 2015 vifo vya watoto ndani ya masaa 24 vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Tofauti ni mdoli kukaa karibu na dakika chache zinazorudiwarudiwa mpaka mkono uzoee wenyewe.

Kazi hiyo ikakua ikaja kuwa mpango mkubwa wa Safer Births, vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na humo teknolojia ipo ya kutosha tu, kuna kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kuna mdoli anayeunganishwa na programu inayokuambia umepuliza sana umepuliza kidogo. Majibu yakatoka Februari 2025, vifo vya akina mama vimepungua karibu asilimia 75 na vya watoto ndani ya masaa 24 ya kwanza karibu asilimia 40. Kwa hiyo asinijie mtu kuniambia wauguzi wa mikoani wagumu wa teknolojia, wazee, wanaogopa mashine. Wauguzi haohao wa mikoani! Wameshika mashine na watu wakapona, kwa sababu walifundishwa penye kazi, kidogokidogo, na kila wiki.

Swali langu ni hili tu, kwanini kumfundisha mtu kupulizia hewa tumejifunza kufanya hivyo, halafu kumfundisha huyohuyo kutumia mfumo wa kompyuta tunarudi kwenye projekta?

Naomba nieleze ninavyoona ingewezekana, na sio ndoto, tumeshaanza wenyewe kwa kuungaunga. Kila mfumo uwe na mgonjwa wa mazoezi. Sisi tumembatiza Mama Majaribio, tunamchezea kwenye ile sehemu ya majaribio ambayo kijana wa TEHAMA wa halmashauri alitufungulia baada ya kumsumbua wiki nzima kwa simu, maskini yeye ni mmoja wilaya nzima. Wakati wa kukabidhiana zamu, dakika 5, mmoja anashika tableti mbele ya wenzake, leo Mama Majaribio kaja saa 2 usiku presha imepanda mpokee, kesho mpe rufaa, keshokutwa umekosea tarehe yake ya hedhi ya mwisho irekebishe. Na anayeongoza ni mkunga wa zamu, sio mtaalamu kutoka mjini. Wiki ya tatu yule binti wa 3:00 ndo akawa mwalimu wetu wa saa, kachora duara mbili kwenye boksi la glavu, moja saa ya Kiswahili moja saa ya mashine, akaibandika pale ilipokuwa ile paswedi. Mpaka leo hajakosea mtu tena.

Ila kuna vitu hatuwezi wenyewe na hapo ndo naiomba wizara na hawa wadau wanaoleta mifumo. Kwanza vidio. Kila mtumishi ana simu janja, hata mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii anayo, na jioni anaangalia vichekesho vya dakika tatu. Basi mtutengenezee vya dakika tatu, kwa Kiswahili, aliyepo kwenye picha awe mkunga amevaa gauni lake, meza yenyewe kama yetu, pazia limechanika kidogo sio mbaya, anaonyesha kitu kimoja tu. Namna ya kuandika muda. Namna ya kurekebisha ulipokosea. Mtandao ukikata unafanyaje, taarifa imepotea au imejihifadhi? (Hili la mwisho sijawahi kupata jibu moja, kila ninayemuuliza ana lake.) Na ibanwe iwe nyepesi, bando tunanunua wenyewe, ukituma vidio ya MB 300 umemtumia nani? Iwe ya kurushiana kwa simu hata bila intaneti. Nimewahi kuona vidio za namna hiyo za kunyonyesha na za dalili za hatari kwa mtoto mchanga, zimesemwa kwa Kiswahili safi, na zinafundisha kuliko slaidi. Kwanini za mifumo hazipo?

Na Kiswahili nakisisitiza. Kliniki tunaongea Kiswahili, mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili, lakini skrini inauliza kwa Kiingereza na mafunzo yake ni Kiingereza. Mwenzangu mmoja alikaa muda mrefu anachagua jibu la juu kabisa kwenye kila orodha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "la juu ndo linaonekana la kawaida". Nani atamcheka? Mi sitamcheka.

Tusisahau pia nchi hii ilishafundisha afya kwa redio wengine hatujazaliwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, wiki 12, watu kama milioni 2 kwenye vikundi. Marehemu mama yangu mkubwa alikuwa kiongozi wa kikundi, alikuwa anatusimulia, redio moja chini ya mwembe, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanainuka wote wanaenda kuchimba choo cha mtu. Hapo alikuwa anakazia sana, choo kinachimbwa wiki hiyohiyo, sio mpaka kampeni iishe. Sasa sisi tuna kifaa mfukoni kinachofanya kazi ya redio elfu na bado tunamtoa mtu kituoni siku tatu, kituo kinabaki na mkunga mmoja, akasikilize. Choo chetu ni ile rekodi ya mgonjwa wa leo.

WhatsApp nayo niiseme maana ndo chuo chetu halisi, tusidanganyane. Nina magrupu matatu ya kazi. Saa 7 usiku nimetuma swali kuhusu mama mwenye kifafa cha mimba, daktari wa hospitali ya wilaya kanijibu ndani ya dakika 4, kanielekeza dozi huku gari la rufaa linakuja, hiyo ni elimu ya dijitali na haina cheti. Lakini magrupu hayohayo nimeona picha za majeraha na sura ya mgonjwa inaonekana, nimeona karatasi ya vipimo vya mtu na majina yake yote matatu, na memba wa grupu ni 200 na wengine walishaacha kazi wapo Dubai. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Nikauliza kituoni kwetu nani anaijua, akanyoosha mkono mtu wa maabara peke yake, naye alisikia kwenye taarifa ya habari. Msitukataze WhatsApp, mkitukataza tutatumia kwa kujificha na mgonjwa ataumia. Tufundisheni kuitumia, funika sura, kata jina, andika umri na wiki za mimba inatosha, na ukishajibiwa ufute. Hata hiyo ni vidio ya dakika tatu.

Kitu kingine hakipo kwenye semina yoyote niliyowahi kuhudhuria ni mgonjwa mwenyewe anaona nini. Tangu tableti zije nimeshasemwa mara mbili benchini, "sisi tunaumwa yeye anachati". Bibi mmoja alinigombeza kabisa, "Mwanangu, hiyo simu weka chini unisikilize". Nilikuwa naandika maelezo yake yeye! Sasa hivi namgeuzia kioo, namwambia shikamoo bibi, naandika hapa presha yako, unaiona hii, na ya mwezi uliopita hii hapa, imeshuka. Anafurahi, anawaambia na wenzake. Nimejifunza kwa kugombezwa, na wapo wauguzi wengi vijana watakaogombezwa mpaka waichukie tableti.

Wenzetu Kenya tangu 2005 shirika la afya la Amref na baraza lao la wauguzi waliwapandisha wauguzi wa cheti kwenda diploma kwa masomo ya kompyuta, huku wako kazini. Yaani kujifunza ukiwa zamu kukahesabika. Kwetu pointi za kuhuisha leseni tunazitafuta kwa kusafiri, wakati zile dakika 5 za kila zamu na Mama Majaribio hazina pointi hata nusu. Baraza likiangalia hapo tu mambo yatabadilika haraka, watu wanafuata pointi, ni ukweli.

Nimalizie na 115. M-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa akina mama wajawazito na watoto wachanga, ilipozinduliwa kitaifa Aprili 2022 sikumbuki kama kuna mtu alitulaza hotelini kutufundisha kupiga namba tatu. Unapiga bure, unaeleza kwa Kiswahili hali ya mama, yule wa upande wa pili ndo anahangaika na programu yake kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliye karibu. Ugumu wote wamebaki nao wao kule, kwetu imebaki simu. Nawaomba watengeneza mifumo mfikirie na hilo, kwamba kuna mahali mafunzo bora ni kupunguza cha kufundishwa. Hivi ni kazi kubwa kiasi gani kuweka kwenye kile kisanduku maneno mawili tu, mchana na usiku?

Juzi yule mama wa saa 3 usiku kamleta mtoto chanjo ya wiki 6, kanenepa mashavu hayo, anacheka. Nikamfungua kwenye mfumo, bado kazaliwa 03:00, mama yake kafika 17:00. Sisi hatuna ruhusa ya kubadilisha rekodi iliyofungwa, inabidi afungue mtu wa halmashauri. Nikampigia. Akanipokelea kwa sauti ya chini, akaniambia sista nitafute Jumatatu, nipo semina.

Muuguzi Mkunga,
Kituo cha Afya, Kanda ya Kati